Kwa Niaba

Mama yangu, Mavis Entwistle wa Burnley,
alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini na mmoja.
Dawa ya madoa ilimla vidole
hata pete ya ndoa ikawa haipandi wala haishuki.
Jumamosi jioni alifunga mlango wa jikoni,
akatumbukiza miguu kwenye karai la maji ya moto,
akafungua kitabu chenye bibi wa gauni jepesi jaladani
na bwana wa buti zing'aazo,
na ole wake atakayemuuliza chai iko wapi.

Mimi nilikwenda chuo, nikarudi na ulimi.
"Mama, sukari ya watu hao ililimwa na watumwa.
Mama, hao mabwana waliozea meno ujanani.
Na wewe usingekuwa ukumbini ukicheza,
ungekuwa chini, gizani, na ndoo zao za haja."
Akageuza ukurasa.
"Si ndoo," akasema. "Ningekuwa dobi.
Hebu nyamaza, anavua glavu."

Anavua glavu!
Kurasa mia mbili na kumi tangu walowe mvua pamoja mjini Bath,
kurasa za kuinamiana, za shangazi mwenye masikio marefu,
za kumuulizia hali ya farasi wake
kwa kuwa haiulizwi hali ya moyo,
ndipo kifungo kimoja kinafunguliwa kifundoni mwa mkono,
na mama, mwenye viganja vilivyopasuka kama sabuni kuukuu,
anashusha pumzi.

Baba hakuwa mtu mbaya.
Ila hakuwahi kuomba.
Alichukua chumvi, akachukua rimoti, akachukua usiku,
kama mtu anayechukua koti lake mwenyewe msumarini.
Na huyu Lodi Wexcombe, mwenye mashamba hadi macho yachoke,
anasimama mbele ya Honoria asiye na senti,
anauliza: Waniruhusu?
Kisha anangoja jibu.
Nilidhani mama alipenda jumba, mishumaa, lulu.
Kumbe alipenda kule kungoja.

Sasa yuko nyumba ya wazee, chumba cha kumi na nne,
dirisha linatazama magari.
Akili imemtoka kama rangi itokavyo kitambaani,
kidogo kila fuo.
Nimetia sahihi karatasi kwa mwanasheria:
hundi zake, funguo zake, hata meno yake ya bandia,
naamua mimi.
Nikakumbuka somo nililopasi bila kulisikia,
kwamba enzi ile yote, na ngoma zake,
ilipata jina lake pale mfalme mzee alipopotewa na akili
na mwanawe akashika kiti kwa niaba yake.
Kwa niaba.
Fidla zinalia ukumbini,
na mahali fulani, nyuma ya milango mingi,
mzazi anauliza huyu kijana ni nani.

Namsomea kitabu kile kile, chenye doa la chai ukurasa wa arobaini.
Ndani ya jalada kuna vijiti vya penseli,
kumi na kimoja: kila kijiti, safari moja hadi mwisho.
Leo haujui mwisho. Mimi pia hanijui, ananiita Sista.
Lakini barua inapofika,
Honoria anapoizungusha mkononi bila kuvunja lakiri,
mama ananikamata kiwiko:
"Atamkubali?"
Mlangoni Jomel, muuguzi, amesimama na vidonge kwenye kikombe.
Zamu yake imekwisha dakika kumi zilizopita.
Haondoki.

Nafunga kitabu juu ya kidole changu.
Mkono wake uko juu ya blanketi,
pete ingali imenasa.
"Naweza kuushika?" namuuliza.
Anaufikiria mkono wake.
Ananifikiria mimi.
Hana haraka, kama mtu mwenye mashamba.

Nangoja.